Mbwa mmoja anakula cha wote: mlinde kwanza anayeibiwa

Swali: Daktari, habari. Ninaishi Migosi hapa Kisumu. Nina mbwa wawili, na paka mwenye watoto wanne wa wiki tano. Mbwa mkubwa, Simba, ana miaka kama kumi. Bosco ana mwaka mmoja na nusu. Jioni nikiweka chakula, Bosco humaliza chake kabla sijarudi mlangoni, kisha humsukuma Simba na kumalizia sufuria yake, halafu huingia jikoni kula omena ya paka. Simba amekonda, mbavu zinaonekana. Paka naye siku hizi anakula ugali wa mbwa, na juzi alivuta samaki mezani. Bosco nimempigia kelele, nimemchapa na kandambili, wapi! Mzee anasema tumgawe. Nifanye nini?

Jibu: Salama mama, na asante kwa kueleza kwa utaratibu. Nianze na hilo la mzee wa nyumba: msimgawe Bosco. Mbwa kijana mwenye afya akiona chakula kiko wazi, na anayekilinda ni mbwa mzee asiye na nguvu za kubishana, atakila tu. Yeye hajui kwamba sufuria ile ni ya Simba. Anajua kwamba akisukuma anapata, na kila jioni analipwa kwa kusukuma. Mkimpeleka kwingine atafanya hivyo hivyo huko, na nyinyi mtabaki na mbwa mzee aliyekonda bila kujua kwa nini amekonda.

Kandambili nayo tafadhali iweke kando. Mbwa anayechapwa akiwa kwenye chakula hajifunzi kwamba amekosea sufuria. Anajifunza kula haraka zaidi, na anajifunza kwamba mkono wa mtu ukikaribia chakula, maumivu yanafuata. Mbwa wa namna hiyo ndiye siku moja humuuma mtoto aliyepita tu na kipande cha chapati. Vivyo hivyo, mbwa akinguruma juu ya chakula usimpige kwa kunguruma. Huo ni mlio wa onyo. Ukimfundisha kunyamaza, ataruka onyo na kuanzia kwenye meno.

Sasa tuje kwa anayenihangaisha mimi. Wengi wanaoniletea shida hii husimulia habari za mwizi kwa kirefu, na anayeibiwa humpa sentensi moja. Wewe Simba umemwandikia kwamba amekonda na mbavu zinaonekana, basi. Mimi nimesimama hapo. Mbwa wa miaka kumi anaweza kukonda kwa sababu ananyang'anywa, na anaweza kukonda kwa sababu ni mgonjwa, na ukiwa na Bosco nyumbani hizo mbili zinafanana kabisa kwa macho. Pengine Bosco hata hamsukumi: pengine Simba anaacha chakula kwa sababu meno yanamuuma, na Bosco anamalizia kilichoachwa.

Kuna njia ya kujua isiyo na gharama. Kwa wiki moja, mlishe Simba peke yake ndani ya chumba, mlango umefungwa, na umpe nusu saa bila haraka. Kaa mbali kidogo umtazame. Akila polepole lakini akamaliza, akalamba sufuria, basi njaa yake ilikuwa ya kuibiwa. Akinusa na kuondoka, akitafuna upande mmoja, akiangusha chakula mdomoni, au harufu ya kinywa ni kali, mwinue mdomo uangalie magego ya nyuma: ukoga wa kahawia, ufizi mwekundu, jino linalocheza. Na akimaliza kila kitu kila siku lakini bado anakonda, mlete kliniki. Figo, ini, kisukari na minyoo vyote vinaweza kumkondesha mbwa mzee anayekula vizuri. Angalia pia kama anakunywa maji mengi kuliko zamani na kukojoa mara kwa mara, kwa kuwa hiyo ni dalili ambayo wenye mbwa wengi huiona na kuinyamazia.

Umpime uzito kabla ya hiyo wiki kuanza. Ukiwa na mizani ya kusimama nyumbani, simama nayo ukiwa umembeba, kisha bila yeye, utoe tofauti. Akikushinda kumbeba, mizani ya magunia kwenye kinu cha kusaga unga itakufaa. Andika tarehe na kilo. Macho hudanganya, hasa ya mtu anayemwona mbwa wake kila siku. Mbavu nazo zipapase kwa viganja: za mbwa mwenye hali nzuri unazihisi chini ya ngozi bila kukandamiza, lakini huzioni zikiwa zimejipanga. Zikionekana ukiwa umesimama mbali, na mifupa ya nyonga imechomoza, huyo amepungukiwa kweli.

Tukiacha Simba, anayeumia zaidi katika nyumba yako ni paka, na hasa sasa akiwa ananyonyesha. Nikupe hesabu. Paka wa kilo 4 asiyenyonyesha anahitaji takriban kilokalori 200 hadi 250 kwa siku. Mbwa wa kilo 20 anahitaji takriban 1,000. Bosco akila fungu lote la paka, amejiongezea kama robo ya mahitaji yake, kitu ambacho tumbo lake hata halitakihisi sana. Paka amepoteza siku nzima. Na paka anayenyonyesha watoto wanne anahitaji mara mbili ya kawaida au zaidi, kwa hiyo anayoyakosa ni maziwa ya watoto.

Ndiyo maana amehamia kwenye ugali wa mbwa. Ugali utamjaza lakini hautamlisha. Mbwa ameishi na binadamu muda mrefu hata mwili wake umejifunza kusaga wanga vizuri, kwa hiyo ugali ukichanganywa na kitu cha protini unamtosha. Paka hakupita njia hiyo. Yeye ni mla nyama kwa maumbile: kuna vitu ambavyo mwili wake hauwezi kujitengenezea vya kutosha, lazima avipate katika nyama au samaki. Kimoja kinaitwa taurini. Mwaka 1987 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionyesha kwamba paka waliopungukiwa na taurini moyo wao hutanuka na kudhoofika, na kwamba wakipewa taurini mapema moyo unaweza kurudi katika hali yake. Upungufu huohuo huharibu retina ya jicho, na uharibifu huo haurudi nyuma, paka anabaki kipofu. Haya hayatokei kwa wiki moja, hutokea kwa miezi mingi ya kula kisichomfaa, na wenye paka hawaoni chochote hadi umechelewa. Hata chakula cha mbwa cha dukani kilichotengenezwa vizuri hakimtoshi paka kwa sababu hii.

Kisumu tuna bahati ya omena. Huliwa mzima na mifupa yake, kwa hiyo pamoja na protini paka anapata na kalsiamu, ambayo mnofu mtupu hauna ya kutosha. Ioshe mchanga vizuri, uichemshe, na supu yake umpe pia kwa sababu taurini huyeyuka na kubaki kwenye maji. Usizoee kumpa samaki mbichi, maana samaki wa aina fulani wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na moto ndio unaokimaliza. Omena peke yake mwaka mzima si mlo kamili. Mbadilishie na moyo wa ng'ombe, matumbo yaliyochemshwa, yai lililoiva. Maini kidogo tu, mara moja kwa wiki, kwa kuwa yakizidi vitamini A inamletea shida ya mifupa. Kama mfuko unaruhusu, chakula kikavu cha paka kutoka agroveti au duka kubwa kichanganye humo, hasa kipindi hiki cha kunyonyesha.

Na kwa Bosco, chakula cha paka si zawadi. Kile cha dukani kina mafuta na protini nyingi kuliko anavyohitaji. Kidogo kitamharisha, na kikiwa mazoea kinanenepesha, na kwa mbwa wengine huchangia kongosho kuvimba, ugonjwa wenye maumivu makali na gharama kubwa.

Sasa utaratibu wenyewe. Unahitaji mambo mawili, mlango na saa, na mlango ndio mkubwa.

Kila mnyama ale mahali ambapo mwenzake hafiki. Si kona mbili za ua uleule. Nimeona watu wakisogeza sufuria hatua tano na kudhani wamemaliza kazi, na mbwa huvuka hatua tano kabla hujafunga sufuria ya ugali. Simba ale ndani, mlango umefungwa. Bosco ale nje kwenye kibanda chake, amefungwa mnyororo au yuko nyuma ya wavu. Mpe Bosco kwanza ili awe na shughuli, kisha mwingize Simba. Baada ya dakika 20, au nusu saa katika ile wiki ya kumtazama Simba, ondoa sufuria zote mbili, kilichobaki kiwe kimebaki, zioshwe, na ndipo wakutane. Wasikutane sufuria zikiwa bado chini, hata zikiwa tupu, kwa kuwa mbwa hupigania hata harufu.

Mbwa wazima wale mara mbili, asubuhi na jioni, saa zilezile. Wewe unalisha jioni tu, na naamini hapo ndipo nusu ya shida ilipo. Mbwa kijana aliyekaa saa 24 bila kitu atakuwa mkali kwenye chakula hata awe na tabia njema kiasi gani. Si lazima uongeze chakula. Gawa kilekile mara mbili. Baada ya siku kadhaa utaona ameanza kupumua anapokula.

Ulaji wa paka si kama wa mbwa. Kwa maumbile yake anakula vifungu vidogo mara nyingi kwa siku, kwa hiyo ukimwekea mara moja na kuondoa, atakonda. Anahitaji mahali pa kurudi. Paka mzima asiye na watoto ungemwekea juu: juu ya kabati, kwenye ubao uliopigwa ukutani kimo cha kifua, au kwenye kizingiti cha dirisha. Bosco hataruka huko ikiwa hakuna kiti karibu cha kumsaidia. Ila wako ana watoto wa wiki tano ambao ndio wanaanza kula chakula kigumu, na hao hawapandi. Kwao tumia uwazi mdogo. Weka komeo la mnyororo kwenye mlango wa stoo, ule unaouacha mlango wazi kidogo tu, kama sentimita 10. Paka hupita kwa ubavu, mbwa wa ukubwa wa Bosco anabaki nje akinusa. Usipokuwa na mlango wa kuweka komeo, mwite fundi wa mbao akutengenezee kasha la mbao nzito lenye tundu la sentimita 15 upande mmoja na kifuniko cha kufungua juu, na ndani yake uweke sahani upande wa mbali na tundu ili pua ya Bosco isifike. Kasha liwe zito kweli, au ulifunge ukutani, maana atalisukuma. Kuna bakuli za kielektroniki zinazosoma chipu iliyowekwa chini ya ngozi ya mnyama na kumfungukia mwenyewe tu. Zinafanya kazi vizuri, lakini bei yake kwa nyumba nyingi za huku haina maana wakati fundi wa mtaani anaweza kukumalizia shida hiyohiyo kwa vipande vya mbao.

Sanduku la mchanga la paka nalo liingie humo ndani ya stoo, mbali na sahani. Mbwa wengi hula kinyesi cha paka, na Bosco kwa jinsi ulivyomweleza hatakuwa tofauti.

Joto la Kisumu halisubiri. Omena ya maji iliyokaa zaidi ya saa mbili mchana itupe, uweke nyingine kidogo. Chakula kikavu ndicho kinachoweza kukaa, lakini usiku kisikae wazi, vinginevyo utakuwa unalisha panya wa mtaa mzima. Sisimizi wakisumbua, weka sahani ndani ya sinia lenye maji kidogo.

Turudi kwa Bosco, maana na yeye ana haki yake. Jiulize anakula nini. Ugali na supu tupu hujaza tumbo na kuacha mwili ukidai. Mpe ugali sehemu mbili kwa sehemu moja ya omena, mapafu, matumbo au maharagwe yaliyoiva sana, na mboga kidogo. Mgongo wazi, yaani mifupa ya mbuta iliyobaki baada ya minofu kukatwa, ambayo kina mama wengi huichukua sokoni, unafaa ukichemshwa muda mrefu na mnofu uliobakia ukatolewa kwenye mifupa. Mifupa mikavu iliyokaangwa usimpe, inakwaruza na kutoboa utumbo. Unga uliooza au wenye kuvu, ule ambao watu husema "huu tupikie mbwa", utupe. Sumukuvu inaua mbwa kwa kuharibu ini, na inaua haraka. Kisha dawa ya minyoo: kama wote watatu hawajapewa kwa zaidi ya miezi mitatu, wape wiki hii, kila mmoja kwa kipimo cha uzito wake. Watoto wa paka nao wanahitaji ya kwao, na hiyo ukachukue kwa daktari, kwa sababu dawa ya mbwa haigawanywi kwa kukisia ikapewa paka.

Kumpunguza kasi, tandaza chakula chake kwenye sinia pana badala ya sufuria ya shimo, au weka katikati ya karai jiwe safi la mtoni, kubwa kuliko mdomo wake, awe analizunguka. Na umfundishe kungoja. Shika karai mkononi, sema "kaa", ngoja matako yaguse chini, ndipo uweke na kusema "haya". Akiinuka kabla, karai linapanda juu tena bila maneno na bila hasira. Mbwa kijana hushika hili kwa siku chache kwa sababu chakula chenyewe ndicho kinachomfundisha. Wote nyumbani walifuate, mzee naye. Mmoja akivunja utaratibu jioni moja, Bosco atakuwa na sababu ya kujaribu tena kila jioni.

Akiwa ameshachukua kitu kisicho chake, usimfukuze wala usikivute mdomoni. Mrushie kitu kitamu zaidi upande mwingine, akiacha ndipo uokote. Unamfundisha kwamba kuachia kuna faida.

Watoto wa nyumbani wasipewe kazi ya kuweka sufuria kati ya mbwa wawili, na mtu yeyote asiingize mkono kutenganisha mbwa wanaopigania chakula. Wamwagie maji au ugongeshe sufuria kwa kelele. Mtu akiumwa, hata mkwaruzo wa jino, osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 nzima, kisha hospitali siku hiyohiyo, hata kama mbwa ni wenu na mnampenda. Kenya ilijiwekea mpango mwaka 2014 wa kumaliza vifo vya kichaa cha mbwa kufikia 2030, na hautatimia bila chanjo ya kila mwaka kwa mbwa na paka. Kama cheti cha Simba na Bosco kimepitwa na wakati, fanya hilo kabla ya kumwita fundi.

Hukutaja kuku, lakini kama unao, wafungie kabla ya mbwa kula. Wakidonoa kwenye karai la Bosco, siku moja atadonoa na yeye. Chakula chao kikae ndani ya debe lenye kifuniko, kwa sababu baadhi ya vyakula vya kuku wa nyama vina dawa za kuzuia koksidia (vimelea vya utumbo wa kuku), kama monensini, ambazo ni sumu kwa mbwa. Na makombo ya mezani yaliyopikwa na vitunguu, iwe mchuzi au sukuma, yasiende kwa yeyote kati yao. Kitunguu, kibichi au kilichoiva, huvunja chembe nyekundu za damu, na paka huathirika kwa kiasi kidogo zaidi kuliko mbwa.

Huyo paka aliyevuta samaki mezani usimwadhibu. Ni mama mwenye njaa. Akianza kupata sahani yake kamili kwenye stoo, mara tatu nne kwa siku, ataacha, na wewe kwa upande wako funika samaki. Ila asipokula kabisa kwa siku mbili, usingoje ya tatu: paka akikaa bila kula, hasa mnene, mafuta hujaa kwenye ini na inakuwa vigumu kumrudisha. Watoto wake wakikosa kunyonya nusu siku tu, waletwe.

Simba mpime tena baada ya wiki mbili kwa mizani ileile, saa ileile, kabla hajala. Amepanda hata nusu kilo, endelea hivyohivyo na umpime kila mwezi. Amesimama palepale au ameshuka ilhali anakula peke yake na anamaliza, mlete kliniki wiki hiyo na karatasi yako ya kilo, na umwambie mzee aje pia ili asikie mwenyewe kuhusu Bosco.